Manukuu ya Kiswahili kwa filamu za mafia na za kesi za baada ya vita: namna ya kuyaandika

Filamu za magenge na filamu za mahakama ya baada ya vita zinaonekana kama koo mbili zisizojuana, lakini anayeziandikia manukuu, au sabtaito kama wengi wanavyoyaita Nairobi, hukutana na kazi ileile. Katika zote mbili, mtu mzito anaamuru watu wauawe bila kulitamka neno kuua. Mkuu wa genge anasema jambo lishughulikiwe. Jaji wa zamani aliye kizimbani anasema sheria ya nchi ilitekelezwa. Mwandishi wa manukuu anapaswa kuyapitisha maneno hayo yakiwa bado yamevaa kanzu yao. Akiyavua ili mtazamaji aelewe haraka, filamu imekufa, kwa sababu watazamaji wameketi pale saa tatu wakisubiri kuona nani atayavua na lini.

Maelezo haya ni ya kikundi kinachotaka kuonyesha filamu kama hizi kwa Kiswahili katika ukumbi wa mtaa, maktaba au shule ya upili jijini. Mifano inatoka katika filamu tatu: The Godfather ya Francis Ford Coppola (1972, dakika 175), Judgment at Nuremberg ya Stanley Kramer (1961, karibu saa 3), na Salvatore Giuliano ya Francesco Rosi (1962, zaidi kidogo ya saa 2). Hiyo ya tatu ndiyo inayofunga kamba mbili pamoja, maana ni kesi ya jambazi na ni kesi ya siasa.

Ruhusa kwanza, kwa ufupi. Haki ya kutafsiri filamu ni ya mwenye filamu, na haki ya kuionyesha hadharani vilevile. Omba zote mbili katika barua moja. Maonyesho ya umma nchini yanasimamiwa na bodi ya kuainisha filamu, KFCB, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Daraja za bodi ni GE, PG, 16 na 18. Pata daraja kabla ya kuchapisha bango, usije ukaita wanafunzi wa kidato cha pili kwenye filamu ya 18.

Daftari la maneno

Tazama filamu mara mbili bila kuandika neno. Mara ya tatu fungua daftari au jedwali lenye safu nne: neno la asili, nani analitamka, anamwambia nani, na neno la Kiswahili ulilochagua. Safu ya pili na ya tatu ndizo watu huziacha, na hapo ndipo kazi huharibikia.

Chukua neno lililo kwenye jina la filamu ya Coppola, Godfather. Wengi huandika “Bosi” au “Mzee” kwa sababu ni fupi na linasikika la mtaani. Sasa angalia mwanzo wa filamu. Mzishi anakuja kuomba kisasi kwa ajili ya binti yake, na anakaripiwa kwa kukosa adabu: hata jina la heshima hajalitamka. Mwishoni mwa mazungumzo anainama, anabusu mkono, analitamka. Kisha nenda mwishoni mwa filamu: Michael, mwana wa mkuu wa genge, amesimama kanisani akiwa msimamizi wa ubatizo wa mpwa wake, na wakati padri anamuuliza maswali ya imani, watu wake wanaua mjini kote. Jina lile la mwanzo na cheo hiki cha kanisani ni neno moja. Ukiwa umeandika “Bosi” kwa saa mbili na nusu, ubatizo ule unabaki sherehe tu. Andika “Baba wa Ubatizo” tangu dakika za kwanza. Ni refu kidogo, lakini mazungumzo ya ufunguzi yanakwenda polepole na nafasi ipo. Wakatoliki na Waanglikana wa Nairobi wanalijua neno hilo tangu utotoni.

“Familia” ibaki familia. Usiandike “ukoo” wala “kundi”, maana uzito wote uko katika kuitumia kwa mama na watoto na kwa wauaji bila kubadilisha. Mshauri wa Don, yaani mkuu wa genge, huitwa consigliere; kwetu ni “mshauri”, basi. Neno hilo ni Kiitaliano cha kawaida na halihitaji kuvalishwa fumbo. Tom Hagen, yatima aliyelelewa nyumbani mwao, ni “ndugu” anapotajwa kwa upendo, na ni “mshauri” wanapokuwa kazini. Mume wa Connie, dada yake Michael, ni “shemeji”, na Kiswahili kinakupa zawadi hapo, kwa sababu shemeji kwetu ana haki na utani wake. Akisaliti, kila mtu ukumbini anajua amevunja nini. Vivyo hivyo kwa Fredo na mdogo wake Michael katika sehemu ya pili ya 1974: donda ni kwamba mkubwa amepitwa na mdogo, kwa hiyo mahali ambapo Kiingereza kinasema ndugu tu, wewe sema “kaka mkubwa” angalau mara moja mapema.

Pesa ambazo genge huwatoza wenye maduka ni “pesa za ulinzi”. Makanga wa jiji hili hahitaji maelezo zaidi.

Usitumie Sheng kwa wanaume wa New York wa 1945. Sheng ina mtaa na ina mwaka. Maneno ya Eastlands ya leo mdomoni mwa mzee wa Sicily yatachekesha ukumbi pale ambapo hapana kicheko. Iache kwa filamu za Nairobi zilizotungwa nayo. Kwa wazee wa mafia tumia Kiswahili cha baraza la wazee: sentensi fupi, “nakusikia”, “umenikosea”, “nitakumbuka”. Vijana wao wapewe Kiswahili chepesi cha mjini, kisicho na tarehe.

Kizimbani

Hapa makosa ni mengi zaidi, na mengi hutokana na magazeti. Neno “hukumu” limebebeshwa mizigo mitatu: uamuzi kwamba mtu ana hatia, maelezo ya jaji ya kwa nini, na miaka ya kifungo. Katika filamu ya Kramer, iliyo kesi ya wanasheria wa Kinazi, mambo haya matatu huja kwa zamu, na kila zamu ina uzito wake. Tenganisha: mshtakiwa “amepatikana na hatia”, korti “inatoa hukumu”, halafu “adhabu” ni kifungo cha maisha. Aliyefutiwa mashtaka “ameachiliwa huru”. Anayesema hana hatia “amekana mashtaka”. “Mshukiwa” ni wa polisi. Akishafika kortini akasomewa ni “mshtakiwa”.

“Hakimu” na “jaji” si mamoja Kenya. Hakimu ni wa korti za chini, jaji ni wa Mahakama Kuu kwenda juu. Wale watatu wanaoketi juu Nuremberg ni majaji, na wale wanne walio kizimbani walikuwa majaji na watu wa sheria pia. Ukiwaita mahakimu umeishusha kesi nzima, maana shtaka ni kwamba watu wa juu kabisa wa sheria waliitumia sheria kuua. Wakili akihutubia benchi aandike “Mheshimiwa”. Hakuna baraza la wazee wa korti wala jopo la raia. Ni jopo la majaji watatu, na uamuzi ni wa wawili kwa mmoja.

Mashtaka yenyewe yana Kiswahili kilichokwishakomaa. Tangu Desemba 2010, ICC ilipotaja washukiwa 6 wa ghasia za baada ya uchaguzi, redio zetu zimesema “uhalifu dhidi ya binadamu” mpaka likazoeleka. Tumia hilohilo. “Uhalifu wa kivita”, “uhalifu dhidi ya amani” na “njama” yanakamilisha mashtaka manne ya kesi kuu ya Nuremberg, iliyoanza tarehe 20 Novemba 1945 na kumalizika 1 Oktoba 1946.

Usiirekebishe filamu kwa historia. Kesi halisi ya wanasheria wa Kinazi, ya 1947, ilikuwa na washtakiwa 16. 10 walipatikana na hatia na 4 wakaachiliwa. Filamu ina wanne na kila mmoja anapatikana na hatia. Ukijua tofauti hiyo, iweke kwenye karatasi ya kugawa mlangoni. Katika manukuu, fuata kinachosemwa.

Kama hujawahi kusikia Kiswahili cha korti kikisemwa kwa kasi ya kweli, nenda korti za Makadara au Milimani asubuhi moja, uketi nyuma kuanzia saa tatu. Korti ziko wazi kwa umma. Msikilize karani akimfasiria mshtakiwa: anavyokata maneno ya wakili hadi mfupa, anavyorudia tarehe, anavyobadilisha “mimi” kuwa “anasema”. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti haki ya mkalimani bila malipo, na haki hiyo ina historia yake hapa. Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, 1952 na 1953, upande wa utetezi ulimlalamikia mkalimani, Louis Leakey, kwamba anaegemea upande mmoja. Anayeandika manukuu ya kesi anakaa kwenye kiti hicho.

Amri zisizotamkwa

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Katika filamu za kesi, sikiliza vitenzi vya washtakiwa. Mtu aliyetia saini husema majina yalipelekwa, agizo lilitekelezwa, mgonjwa alihamishwa. Kiswahili kina kiambishi cha kutendwa kinachofanya kazi hii kwa herufi moja au mbili, na ni kosa kubwa kukiacha. Tazama:

Majina yalipelekwa.
Niliyapeleka majina.

Ya pili ni nyepesi zaidi kusoma, na ukumbi ungeielewa upesi. Lakini ya pili ni kukiri. Ukimwandikia mshtakiwa sentensi ya pili katika dakika ya 40, wakili wa mashtaka hana kazi tena mpaka dakika ya 170. Pitia faili lako lote na utafute kila mahali ulipogeuza kutendwa kuwa kutenda kwa ajili ya ufupi. Rudisha.

Kwa mafia ni kinyume kidogo: wanatenda, lakini hawalitaji tendo. “Lishughulikie.” “Hatakusumbua tena.” Zuia mkono wako usiandike “Muue”. Mtazamaji mzima anajua, na asiyejua ameachwa nyuma kwa makusudi pamoja na polisi wa ndani ya filamu.

Rosi alilifanya fumbo hili kuwa filamu nzima. Tarehe 1 Mei 1947, huko Portella della Ginestra, Sicily, genge la Giuliano liliwamiminia risasi wakulima waliokusanyika kwa sikukuu ya wafanyakazi. Watu 11 waliuawa. Kesi ilisikizwa Viterbo, na swali lililowaka ni moja: nani aliwatuma? Kiitaliano kina neno mandante, aliyeagiza tendo kufanywa na mkono wa mwingine. Usiandike “kiongozi” wala “mhusika mkuu”. Andika “aliyewatuma”, kwa wingi “waliowatuma”, na ulishike hadi mwisho. Filamu haimtaji kwa jina, nawe usiweke jina. Pia hadithi inaruka mbele na nyuma kati ya miaka ya 1940 na 1950 bila kubisha hodi. Kishawishi cha kuandika mwaka juu ya kila tukio kitakujia. Weka tarehe pale tu ambapo filamu yenyewe inazitaja. Na usiitafsiri kutoka manukuu ya Kiingereza peke yake. Taasisi ya Utamaduni ya Italia hapa Nairobi inafundisha Kiitaliano, Goethe-Institut inafundisha Kijerumani. Tafuta mwanafunzi wa ngazi ya juu akae nawe jioni tatu au nne.

Kuna pia mahali pa kunyamaza. Michael anapokutana na adui yao Sollozzo mgahawani, wanazungumza Kisisilia, na Coppola hakuweka tafsiri. Polisi mla rushwa aliye mezani haelewi, na mtazamaji haelewi; kinachobaki ni uso wa Michael na mngurumo wa treni. Faili nyingi zinazozunguka mtandaoni zimejaza maneno pale. Futa vipande hivyo vyote. Kwa Kramer, wakili wa utetezi anaanza kwa Kijerumani huku wakalimani wakifasiri kwenye vipokea sauti. Kisha kamera inamrukia usoni na kutoka hapo anasema Kiingereza. Sauti ya mkalimani iandike kwa herufi za mlazo, na kamera ikishamrukia, rudi kwenye herufi zilizosimama. Kwa njia hiyo mtazamaji wa Kiswahili anapata mruko uleule.

Picha halisi za kambi, zilizopigwa na wanajeshi wa Washirika walipozikomboa, zinaonyeshwa kortini ndani ya filamu hiyo. Hapo andika kidogo kuliko popote: mstari mmoja kwa wakati, majina ya mahali na idadi, bila kivumishi.

Herufi na sekunde

Tumia programu ya bure kama Subtitle Edit au Aegisub. Kila kipande kiwe na mistari isiyozidi 2, kila mstari herufi 42 pamoja na nafasi. Kwa ukumbi wenye umri mchanganyiko, hesabu herufi 15 kwa sekunde. 17 ni kikomo. Kipande kisikae chini ya sekunde 1 wala zaidi ya 7, na kati ya kipande na kingine acha fremu 2, la sivyo jicho halioni kwamba maneno yamebadilika.

Kiswahili cha hotuba hurefuka haraka. Chukua sentensi hii ya jaji: “Mahakama hii imepata kwamba mshtakiwa alijua kikamilifu kuwa hukumu alizokuwa akizitoa zilikuwa zimeamuliwa kabla hata kesi hazijaanza kusikizwa.” Ni herufi 145, karibu sekunde 10 za kusoma. Iliyopunguzwa, ndani ya faili, inakaa hivi:

412
00:47:10,200 --> 00:47:14,900
Mshtakiwa alijua kuwa hukumu zake
zilikuwa zimeamuliwa kabla ya kesi.

Herufi 68, sekunde 4.7. Hakuna shtaka lililopotea. Mahali pengine Kiswahili kinakuokoa chenyewe: “waliouawa”, “aliwatia”, “tusiposema” ni neno moja moja pale ambapo lugha nyingine zinahitaji matatu au manne.

Ukikata mstari, usimwache mtu peke yake na kiunganishi. “Adhabu ya / kifo” ni kata mbaya. “Alikuwa / akisoma” pia. Na kwa kuwa “yeye” wetu hatofautishi mwanamume na mwanamke, ushahidi wenye watu wawili utachanganya. Taja jina mara moja katika kila vipande vitatu au vinne.

Saa. Shahidi akisema saa kumi usiku kwa hesabu ya Kizungu, kwetu ni saa nne usiku. Ukihamisha namba tu, umemsogeza mpaka karibu na alfajiri na ushahidi umeanguka. Fanya msako maalumu wa neno “saa” katika faili lote kabla ya kulifunga.

Hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaochaguliwa ndani ya programu. Kasoro inayojitokeza sana ni alama ya ritifaa iliyojikunja ndani ya “ng'” ikigeuka takataka ukutani. Tumia ritifaa iliyonyooka. Jina la faili lilingane na la filamu, likimalizika kwa .sw.srt, na vyote vikae katika folda moja.

Maneno yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, sogeza faili lote mara moja. Yakianza sawa kisha yakaachana kadiri filamu inavyokwenda, tatizo ni kasi ya fremu: faili limepangwa kwa fremu 23.976 na nakala yako inakwenda kwa 25, au kinyume. Tofauti hiyo ni kama dakika 2 na nusu kwa kila saa, na filamu ya dakika 175 huisha katika 168. Usisogeze vipande kimoja kimoja. Badilisha kasi ya fremu ndani ya programu, kisha ukague mwanzo, katikati na mwisho.

Ukumbini

Gordon Willis aliipiga The Godfather kwa giza zito, taa zikiwa juu ya vichwa, macho ya Marlon Brando, anayeigiza Don, yakipotea kivulini. Manukuu meupe kabisa huangaza ukuta na kuliua giza hilo. Tumia kijivu cheupe, karibu asilimia 85, chenye ukingo mweusi. Kwa filamu ya Kramer, ya nyeusi na nyeupe, ukingo mweusi ni wa lazima kwa sababu karatasi za mawakili ziko chini ya picha, palepale maneno yanapokaa.

Kimo cha herufi kiwe karibu asilimia 5 ya kimo cha picha. Kwa ukuta wa mita 2 kwa upana ni kama sentimita 5 na nusu. Ukingo wa chini wa picha uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo safu ya tatu itasoma visogo. Ziba madirisha kwa turubai au anza baada ya saa moja usiku.

Fanya jaribio na watu 5 ambao hawajawahi kuiona filamu, mmoja wao akiwa na zaidi ya miaka 60. Usiwaulize kama wameelewa, maana watasema ndiyo. Waangalie macho. Anayebaki chini ya picha wakati uso wa shahidi unabadilika amepewa maneno mengi mno. Andika dakika na sekunde, rudi ukakate. Anayegeuka kumuuliza jirani “ni nani aliyetuma?” mwache. Kipande hicho kiko sawa.